Ungo ni wa Kupepetea

Katika baraza moja hapa Bombolulu, kando ya barabara iendayo Malindi, kulizuka ubishi uliodumu mpaka kahawa ikapoa. Kijana mmoja alitoa simu akatuonyesha picha ya chombo cha bati, mviringo kama sinia la pilau, kikielea juu ya ardhi na mtu amekaa ndani. Mmoja akasema ni kazi ya Wajerumani wa Hitler. Wa pili akasema ni viumbe wa nyota nyingine. Mzee wa tatu akaweka kikombe chini, akasema: "Wanangu, mwashangaa nini? Huo ni ungo. Wenyewe huruka nao kila usiku, na mmoja wao twamjua, yuko papa hapa mtaani." Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Tuanze na picha. Chombo kile ni cha kweli. Chaitwa Avrocar, na kiliundwa Kanada na kampuni ya Avro, chini ya fundi Mwingereza John Frost, kwa fedha za jeshi la Marekani. Upana wake ulikuwa futi 18. Katikati kilikuwa na pangaboi kubwa lililozungushwa na moshi wa injini tatu za jeti, na upepo wake ukasukumwa mpaka ukingoni ili kukiinua. Wenyewe walitarajia kiende maili 300 kwa saa. Kilipojaribiwa, kuanzia mwaka 1959, hakikupita maili 35 hivi, na kila kilipopanda zaidi ya futi tatu kilianza kuyumba kama sarafu iliyozungushwa mezani ikakaribia kulala. Desemba 1961 mradi ukafungwa. Leo chombo kimoja kimewekwa katika jumba la makumbusho la jeshi la anga, Dayton, Marekani, na kila apendaye aweza kwenda kukitazama.

Wapenzi wa mambo haya wangali wakibishana hadi leo. Wako wasemao kwamba umbo la duara ndilo lililokiponza. Wengine wanajibu, na naona wana haki, kwamba duara halina kosa. Wanatoa ushahidi wa ndege ya Charles Zimmerman, iliyoitwa V-173, bapa na mviringo kama chapati, iliyoruka Marekani tarehe 23 Novemba 1942 na ikaruka vyema, tena kwa mwendo wa polepole bila kuanguka. Ndugu yake wa kivita, XF5U, alivunjwavunjwa baada ya mradi kufutwa mwaka 1947, kwa kuwa zama za jeti zilikuwa zimekwisha ingia. Kilichoiponza Avrocar, basi, ni kule kukalia mto wa upepo usiotulia.

Na Wajerumani? Naam, mkulima mmoja, Arthur Sack, aliunda ndege ya bawa la mviringo wakati wa vita. Ilijaribiwa mwaka 1944, ikarukaruka kidogo kama kuku, basi. Hadithi za masahani ya siri yaliyofika mawinguni zilienea baada ya vita, na ushahidi wake haujaonekana. Hata lile jina la "visahani virukavyo" lilizaliwa kwa kusikia vibaya. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa karibu na mlima Rainier, vikienda kama kisahani kilichorushwa kikadundadunda juu ya maji. Alikuwa akieleza mwendo, magazeti yakafanya umbo.

Sasa turudi kwa mzee wetu na ungo wake. Watatu waliobishana walikuwa na kosa moja: kila mmoja alikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali. Lakini makosa hayana uzito mmoja. Anayesema ni Wajerumani hamdhuru mtu. Anayesema "twamjua, yuko mtaani" ameshika kiberiti. Huko Kilifi, si mbali na hapa, wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na wengine wameacha majumba yao wakakimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, Ganze. Mara nyingi ukichimbua utakuta chini yake hakuna ungo, kuna shamba. Mvi za mzee zimekuwa hati ya kumnyang'anya ardhi.

Msinielewe vibaya. Sikusudii kuingia katika elimu ya masheikh. Kwamba sihri imetajwa katika dini yetu kila mtoto wa chuoni anajua. Nasemea kumnyooshea kidole jirani. Dini hiyo hiyo yataka shahidi hata katika deni la shilingi. Itakuwaje roho ya mtu ichukuliwe kwa maneno ya barazani?

Wazee wetu katika elimu hawakuwa hivyo. Abbas ibn Firnas wa Kordoba, katika karne ya tisa, alitaka kujua kama binadamu aweza kuruka. Kwa masimulizi ya al-Maqqari, alijivika manyoya, akajifunga mabawa, akaruka mbele za watu. Alikwenda masafa, kisha akaumia mgongo akitua, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Alijaribu mchana, kwa mwili wake mwenyewe.

Wasemao "lisemwalo lipo" wakumbuke pia kwamba kusikia si kuona. Injini tatu za jeti na mafundi wa dola mbili zilishindwa kukituliza chombo cha mviringo futi nne juu ya ardhi. Nasi twataka kuamini kwamba bibi kizee mwenye maumivu ya magoti avuka mkondo wa Nyali usiku juu ya ukindu na fito!

Jirani yangu mmoja ni ajuza. Kila asubuhi hukaa kibarazani akipepeta mchele, makapi yakiruka na ungo ukibaki mikononi mwake. Nawaomba wenzangu wa barazani: tumpitiapo tumwamkie "Shikamoo, bibi," kisha tumwache apepete.