Mashauri ya Nyumbani: Robo Saa ya Langoni



Mwezi huu swali limetoka kwa mama mmoja wa hapa Kanyenye. Mume wake ni mchukuzi katika ghala, naye huajiriwa kwa saa. Lango hufungwa saa moja kamili asubuhi. Akifika saa moja na robo huruhusiwa kuingia na kubeba magunia pamoja na wenzake, lakini jioni karani humwandikia nusu siku tu. Mama huyu auliza mambo mawili: kunyamaza ni uvumilivu wa Kikristu au ni woga, na tena, mtu aliyebatizwa akiingia chama cha wafanyakazi, je, amewaasi wakubwa wake? Ghala sitalitaja wala mwenyewe sitamtaja, kwa kuwa wanaoandikiwa nusu siku namna hiyo ni wengi, nao hawako mahali pamoja.

Kwanza niseme neno lisilopendeza. Kuchelewa ni kosa. Aliyeuza saa zake kwa mapatano, saa zile si zake tena, na anayekaa kitandani katika saa aliyoiuza ni kama muuza mtama anayepunguza pishi. Tena mzigo wa mchelewaji hubebwa na mwenzake, maana lori halingoji. Walio wepesi kulalamika juu ya karani wafikiri kwanza juu ya huyo mwenzao aliyebeba gunia la pili.

Walakini yafaa tujue kwa nini mji wetu huchelewa. Wazee wetu walihesabu saa tangu mapambazuko, saa moja kwao ikawa saa ya kwanza ya mchana, jua limekwisha toka na njia yaonekana. Siku hizi nchi nzima hufuata saa moja ya serikali, lakini jua halikutia sahihi mapatano hayo. Latoka mashariki kama zamani, na kwa kuwa Tabora iko mbali upande wa magharibi, hutufikia yapata dakika 26 baada ya kuwafikia watu wa Dar es Salaam. Katika mwezi wa Julai huchomoza kwetu karibu na saa moja yenyewe. Basi mtu wa hapa anayengoja mwanga ndipo aondoke nyumbani, amekwisha kuchelewa kabla hajafunga mlango. Habari hii haimwondolei mtu kosa, ila yaonyesha dawa: nyumba ya mtu wa ghala isiamke kwa jua wala kwa jogoo, iamke kwa saa. Chakula cha jioni kiliwe mapema, na maji ya kuoga yatekwe usiku. Wako wanaume wanaomkemea mke kwa kuwa hakuwaamsha, nao simu yenye kengele wameilalia chini ya mto. Hao sina la kuwaambia.

Sasa tutazame hesabu ya karani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, katika siku zisizozidi 6. Sheria hiyo pia yaeleza namna ya kugawanya mshahara: saa za juma huzidishwa kwa 4.333, nayo ndiyo hesabu ya mwezi. Saa 45 zikizidishwa hivyo zatoa yapata saa 195. Tuseme mtu alipwa shilingi 195,000 kwa mwezi, ili hesabu iwe rahisi kwa watoto wa shule; saa yake moja ni shilingi 1,000, na robo saa ni shilingi 250. Akichelewa robo saa, kazi ya shilingi 250 hakuifanya, na mwajiri hana deni la kulipa kazi isiyofanywa. Lakini akikatwa nusu siku, yaani saa nne na nusu, amekatwa shilingi 4,500. Shilingi 4,250 zimekwenda wapi? Alizitolea jasho mchana kutwa. Hizo si adhabu ya kuchelewa, ni ujira uliozuiliwa, na wanaosoma Waraka wa Mtakatifu Yakobo wajua ujira wa namna hiyo hufanya nini masikioni mwa Bwana. Sheria ya nchi nayo haimwachi mwajiri akate apendavyo. Kukata kwaruhusiwa kwa sheria, kwa mapatano ya pamoja na chama, kwa amri ya mishahara, kwa hukumu ya mahakama au ya msuluhishi, au kwa deni ambalo mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi. Kalamu ya karani peke yake haimo katika orodha hiyo.

Wako wanaojibu kwa Injili ya Mathayo, sura ya 20, juu ya mwenye shamba la mizabibu. Husema: mwenye mali ana hiari na mali yake, asiulizwe. Nimelisikia neno hilo hata vinywani mwa Wakristu wenye maduka. Na wasome tena. Mwenye shamba yule alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, na saa sita, na saa tisa, hata saa ya kumi na moja (nasi twazielewa saa hizo pasipo kufasiriwa, maana ndizo saa zetu), na jioni kila mtu akapata dinari. Wa kwanza hawakupunguziwa hata senti katika mapatano yao. Wa mwisho walizidishiwa. Hiari yake ilikuwa ya kuongeza. Anayeitumia hiari hiyo kwa kupunguza asijifunike kwa mfano ule, kwa sababu yeye hayumo.

Juu ya swali la pili, la chama, watu wa Tabora wasilione kama jambo geni lililoletwa na treni. Babu zetu walikuwa wapagazi, na kazi yao ilijulikana kutoka pwani mpaka ng'ambo ya ziwa. Mzungu Burton alipofika hapa Unyanyembe Novemba 1857, safari yake kutoka pwani ilikuwa imechukua siku 134, na mizigo ilikuja kwa mabega ya watu. Mzigo wa bidhaa uliweza kufika frasila 2, yaani ratili 70. Watu hao walikuwa na desturi zao. Kirangozi alitangulia mbele yao na neno lao alilijua. Msafara uliondoka alfajiri ili kambi ipatikane kabla jua halijawa kali. Posho ilikuwa na kipimo chake. Posho ikipunguzwa, au mzigo ukiongezwa kwa hila, waliketi chini, mizigo ikabaki ilipo mpaka maneno yaishe. Hawakuwa na kitabu cha wanachama wala muhuri, lakini walijua kwamba mpagazi mmoja akikataa ni mkaidi, na mia wakikataa ni shauri.

Na treni nayo ilikuja, ikafika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1947, mwezi wa Septemba, makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa sababu ya mishahara na vitu kupanda bei baada ya vita, na mgomo ule ulipanda reli, stesheni kwa stesheni, hata ukafika kwetu. Serikali ikaweka baraza la kuamua, na mishahara ya makuli ikaongezwa kweli kweli. Chama chao kikaandikishwa. Miaka mitatu baadaye, Februari 1950, mgomo mwingine uliingiliwa na fujo na mapigano, na chama kile kikavunjwa. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa kusudi, maana wenye kusimulia habari za vyama hupenda kusimulia la kwanza na kulisahau la pili. Mwaka 1960 watu wa reli waligoma siku 82. Waulizeni wazee ambao baba zao walikuwa relini, watawaambia siku 82 ni urefu gani katika nyumba yenye watoto.

Kanisa limenena mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mei 15, 1891, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum, akafundisha kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana katika vyama, na kwamba ujira usiotosha kumlisha mfanyakazi mwenye kiasi si wa haki, hata kama ameukubali kwa sababu ya shida. Akawafundisha wafanyakazi pia watimize kazi waliyopatana, wasiharibu mali ya mwajiri, wala wasitumie ukali. Basi aliyebatizwa akiingia chama hajamwasi mtu. Sheria ile ya 2004 yampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, na yakataza asibaguliwe kwa ajili hiyo. Watu wasiopungua 20 waweza kuunda chama na kuomba kiandikishwe. Lakini si lazima kuanza upya: TUICO ni chama cha watu wa viwanda na biashara, na wa mashambani wanacho TPAWU. Ada ya chama haikatwi mpaka mwanachama ametia sahihi. Hata hivyo, mahali ambapo chama chenye wanachama wengi kimepatana hivyo na mwajiri, asiyejiunga aweza kukatwa ada ya uwakala, kwa kuwa naye hula matunda ya mapatano. Akina mama walioona makato hayo katika karatasi ya mshahara wasidhani mara moja kwamba mume amekopa.

Mgomo nao ni haki, lakini una mlango wake. Kwanza shauri lipelekwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 30 za usuluhishi zipite. Kisha wanachama wapige kura, na mwajiri apewe ilani ya saa 48. Wanaoondoka ghalani kwa hasira ya asubuhi moja wamejivua ngao wenyewe. Na kwa shauri la robo saa, mimi naona mgomo ni rungu la kuulia inzi. Afadhali watu watano au sita waende kwa adabu, pamoja na mjumbe wa chama, na hesabu iliyoandikwa, wamwonyeshe msimamizi ile 250 na ile 4,500. Wasimamizi wengi hawakuketi kuihesabu. Walirithi desturi kwa aliyewatangulia.

Tena wakiwa hapo waulize juu ya jioni. Kuna maghala ambayo lango la asubuhi halina huruma hata dakika moja, ila lango la jioni halina saa kabisa: watu husimama mstari wakipekuliwa, nusu saa yapita, na hakuna anayeiandika. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani wafanyakazi wa maghala ya Nevada yaliyotunza bidhaa za Amazon walishtaki kwamba walingoja kupekuliwa yapata dakika 25 kila siku pasipo malipo. Desemba 2014 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba kwa sheria yao ya taifa kungoja huko hakudai mshahara. Hukumu yao haitufungi sisi. Nami, kwa akili yangu, naona saa iliyo kali asubuhi haina budi kuwa kali jioni pia; dakika haigeuki kuwa nyepesi kwa sababu jua limeshuka.

Nanyi walimu, mtaulizwa pia juu ya desturi moja mbaya, ya kumwandikia mwenzako jina daftarini kabla hajafika. Vijana huiita kusaidiana. Ni uongo, tena ni uongo ulioandikwa kwa mkono, na siku unapogunduliwa hupoteza kazi wawili badala ya mmoja, na shauri zuri la wote huharibika, kwa kuwa mwajiri ataonyesha daftari lile kila mahali. Mjumbe wa chama anayefumba macho hapo hafai ujumbe.

Kila mtu wa kazi za saa na awe na daftari lake mwenyewe, la kurasa 32 latosha. Kila siku aandike alipoingia, alipotoka, na alichoandikiwa na karani. Asiyejua kuandika amwite mtoto. Sheria yataka aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe dakika 60 za kupumzika. Hizo nazo aandike kama alizipata. Kazi iliyozidi saa za kawaida hulipwa mara moja na nusu, lakini isiyoandikwa mahali popote ni vigumu kuidai.

Na kama jambo limefika mbali hata mtu ameachishwa kazi kwa kuchelewa, asiende kwa mganga wala asikae nyumbani akinung'unika. Sheria yamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu, yaani amweleze mtu kosa lake na kumsikiliza. Na kanuni za mwaka 2007 zasema kosa la kwanza kwa kawaida halimfukuzishi mtu, isipokuwa ni zito mno. Kinga hiyo humfaa aliyetimiza miezi 6 kazini. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume katika siku 30, nazo huhesabiwa tangu siku alipoachishwa, si tangu siku alipopata nauli.