Nyumba na Jamaa: Usiku wa Mgonjwa Nao Uandikwe

Askari aliyeumia kazini afikishwapo mbele ya daktari au ofisa ili ulemavu wake upimwe, saa huwa ni za mchana. Amekwisha kuogeshwa, amevishwa nguo safi na kuketishwa vema katika kiti cha magurudumu. Anaulizwa, anajibu kwa sauti ya kiaskari, na fomu inajazwa. Yote yaliyoandikwa huwa ni mambo ya mchana. Sehemu ya pili ya maisha yake, ile inayoanza taa inapozimwa, haikuulizwa wala haikutajwa, na jamaa warudipo nyumbani hawajui kwamba wameacha ofisini nusu tu ya habari.

Jambo hili lawahusu hasa jamaa waishio mbali na mji, kama wale wa Bwesumbu, kwenye miteremko ya Milima ya Rwenzori wilayani Kasese. Huko usiku una baridi, choo aghalabu kiko nje, na mvua ikinyesha njia ya mteremko huteleza hata kwa mwenye miguu mizima. Tena wilaya hiyo inayajua majeraha. Vita dhidi ya waasi wa ADF, walioshambulia Mpondwe mwezi Novemba 1996, viliacha askari na raia waliopoteza viungo, wengine kwa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mwaka 2012 Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yaliyojulikana kuwa na mabomu hayo. Lakini mguu uliokatwa haukurudi, na maumivu ya mguu usiokuwapo hupenda kumjia mwenyewe wakati wa kulala.

Yafaa kwanza kufahamu kwa nini usiku una uzito mbele ya sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inawahusu pia watumishi wa serikali, polisi wakiwamo. Wasiohusika ni askari wa jeshi walio kazini. Mfanyakazi aliyepoteza kabisa na milele uwezo wa kufanya kazi hukadiriwa fidia ya mishahara ya miezi 60. Kisha sheria inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: ikiwa ulemavu huo ni wa namna ambayo mtu hawezi kuishi bila msaada wa daima wa mtu mwingine, hulipwa nyongeza ya robo ya fidia hiyo. Kwa mwenye mshahara wa shilingi 500,000, fidia ya miezi 60 ni shilingi 30,000,000, na robo yake ni shilingi 7,500,000. Sheria haikutaja usiku kwa jina. Hata hivyo, msaada unaoelezwa kuwa ni wa kuogeshwa asubuhi na kuletewa chakula mchana ni vigumu kuitwa wa daima. Neno hilo "daima" hupata nguvu pale mkesha unapoonekana.

Na uchukuliwe mfano wa koplo wa polisi aliyevunjika uti wa mgongo gari la kazi lilipopinduka. Mkewe anaulizwa ofisini, "Mama, mzee unamsaidia vipi?" Naye, kwa heshima na kwa haya, anajibu, "Namsaidia tu, bwana, kama mke." Jibu hilo ni la adabu, lakini limeyafunika yote. Ofisa hawezi kuandika asichoambiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ofisa huyo hajapata kulala katika nyumba ile hata usiku mmoja.

Hospitalini, iwe Bwera au Kagando, zamu ya usiku ina muuguzi, na muuguzi huandika alichofanya. Nyumbani zamu ni moja isiyobadilishwa, na daftari hakuna. Mke au mama wa mgonjwa huamka gizani mara nyingi hata hesabu ikampotea, akafikiri kwamba hiyo ndiyo ndoa au ndiyo huruma, wala si kazi ya kuelezwa kwa mtu. Basi dawa ya kwanza ni daftari la shule la kawaida na kalamu iliyofungwa kwa uzi karibu na kitanda. Kwa usiku 7 mfululizo, kila aamkapo mtunzaji, yaandikwe mambo manne: saa, kilichotendeka, muda uliotumika, na madhara ambayo yangetokea kama asingekuwapo mtu.

Ukurasa wa usiku mmoja waweza kuwa hivi. Saa 4 usiku: amegeuzwa ubavu wa kushoto, mto umewekwa kati ya magoti, dakika 10. Saa 6: amegeuzwa ubavu wa kulia, mpira wa mkojo ulikuwa umepindana, umenyooshwa na mfuko kumwagwa, dakika 20. Saa 8: miguu ilikakamaa, imekandwa, amegeuzwa tena, dakika 25. Saa 10 alfajiri: shuka limechafuka, amesafishwa na kukaushwa, shuka limebadilishwa, dakika 40. Jumla ni mara 4 na dakika 95. Maneno haya hayana malalamiko wala mapambo, lakini daktari ayasomaye anaiona nyumba yote.

Sababu nayo iandikwe, maana asiyejua atauliza kwa nini mgonjwa asiachwe alale hadi asubuhi. Aliyepooza hahisi pale mwili unapogandamizwa. Asipogeuzwa, kwa desturi kila baada ya saa 2 hivi, ngozi hukosa damu, huoza na kufanya vidonda vya kulalia ambavyo huchukua miezi kupona na vyaweza kuua. Mpira wa mkojo ukiziba, mkojo hurudi nyuma na kuleta maradhi ya figo. Kwa hiyo kule kuamka saa 8 za usiku ni tiba, sawasawa na kidonge kilichoandikwa na daktari.

Uko pia mkesha usioonekana kabisa, ule wa kulinda. Mwenye kifafa aliyeumia kichwa huenda asiguswe usiku kucha, lakini lazima awepo mtu wa kusikia kishindo. Askari anayerudiwa na vita katika ndoto huweza kuruka kitandani, akatoka nje na kuufuata mteremko. Anayemlinda hakufanya kazi ya mikono, ila hakulala. Huko Uingereza, ambako posho ya wanaohitaji kuhudumiwa ilianza kulipwa mwaka 1971, kanuni zilitambua mambo hayo mawili mbalimbali: kuhudumia mwili usiku, na kukaa macho ili kuzuia hatari. Waamuzi wa huko huhesabu kwa kawaida huduma ya dakika 20, au ya mara 2 na zaidi kwa usiku mmoja. Tena waliamua kwamba usiku huanza pale nyumba inapofungwa ili watu walale, na si pale saa ya ukutani inaposema. Kanuni hizo hazina nguvu Kasese, lakini ni kipimo kizuri kwa anayetafuta la kuandika. Karibu zaidi, nchini Kenya, mpango wa fedha kwa wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011, uliwekwa kwa ajili ya wale wanaohitaji mtunzaji wa saa zote.

Lililo gumu kuliko kuandika ni haya. Mtu aliyevaa sare na kuamrisha wengine hapendi karatasi iseme kwamba husafishwa na mkewe saa 10 za alfajiri. Aibu hiyo ni ya kweli na isidharauliwe. Basi daftari lisianzwe kwa siri. Aombwe ruhusa mwenyewe, na kama mkono wake unaweza, aandike yeye. Ikiwa mke hajui kusoma, asipewe mtoto kazi ya kuandika utupu wa baba yake. Atafutwe ndugu mzima mwenye kutunza siri, au mhudumu wa afya wa kijiji. Maelezo hayo yasomwe na daktari na ofisa wanaohusika tu. Lakini yasiachwe kuandikwa, kwa maana mficha uchi hazai, na mume aliyeficha usiku wake humwachia mkewe mzigo usiokuwa na malipo wala msaidizi.

Ukweli ulindwe pande zote mbili. Usiku mwema uandikwe kuwa mwema. Anayeongeza mara 4 zikawa 10 atashindwa atakapoulizwa, na hata yale ya kweli yatatiliwa shaka. Anayepunguza kwa haya naye amesema uongo, ijapokuwa ni uongo wa heshima.

Daftari likikamilika, inakiliwe nakala safi, na ile ya asili ibaki nyumbani. Jamaa wa polisi waipeleke kwa daktari anayepima ulemavu na kwa afisa wa kazi wa wilaya, pamoja na taarifa ya maandishi ya ajali, ambayo hapana budi mwajiri aipate mapema. Askari wa jeshi, kwa kuwa sheria ile haiwahusu, waiwasilishe kwa bodi ya madaktari wa jeshi. Barua ya mwenyekiti wa LC1 inasaidia kuthibitisha kwamba mgonjwa na mtunzaji wanaishi nyumba moja, na jirani aliyewahi kuitwa usiku kusaidia kunyanyua aweza kuandika alichokiona kwa macho yake.

Siku ya kupimwa, mke au mama aliyekesha afuatane na mgonjwa, hata kama nauli ya kuteremka mlimani ni nzito. Aulizwapo anamsaidia vipi, asijibu "namsaidia tu". Afungue daftari, asome.