Dawa Isiyo na Mwenyewe

Tunaandika kupinga desturi moja iliyoingia katika makundi ya WhatsApp ya sharika zetu na kuzoeleka hata inaonekana kama huduma. Mtu anapokea ujumbe wa dawa ya kisukari, ya presha, ya figo au ya kuumwa na nyoka. Hajui umetoka wapi. Anaurusha kwa wenzake, anaongeza "Mungu ni mwema", kisha anaendelea na shughuli zake. Tunasema wazi kwamba huo si upendo wa jirani. Ni ushahidi unaotolewa na mtu ambaye hakuona, kwa watu wasioweza kumhoji, juu ya jambo linaloweza kuua. Amri ya nane inamhusu mtu huyo, na amri ya tano inamhusu vilevile.

Tunajua jibu litakalotolewa kwanza, nalo ni jibu la Rungwa. Wataambiana: hawa wanaandika kama watu wa mjini. Rungwa iko kwenye barabara ya Mkiwa, Itigi hadi Makongolosi, kilomita 413, kando ya pori la akiba lenye jina hilohilo. Mgonjwa aliyezidiwa anahitaji gari, mafuta, na mtu wa kumsindikiza hadi Itigi kwenye hospitali ya Mtakatifu Gaspar, au kushuka upande wa Mbeya. Masika njia inakuwa tope. Kwa hiyo, wanasema, simu ndiyo daktari tuliye naye, na neno lolote ni bora kuliko kukaa bure.

Hoja hiyo tunaiheshimu kwa sababu imetoka kwenye taabu ya kweli. Lakini tunaigeuza. Umbali ndio unaofanya ujumbe wa uongo uwe mbaya zaidi huku kuliko mahali pengine popote. Mtu wa Dar es Salaam aliyedanganywa asubuhi anaweza kuwa hospitali jioni. Mtu wa Rungwa aliyepoteza siku mbili akinywa maji ya majani amepoteza siku mbili ambazo safari yenyewe ilikuwa inazihitaji. Tena ujumbe hausafiri huku kama unavyosafiri mjini. Mtandao unakamata mahali fulani na mahali pengine haukamati. Mwenye simu janja anausoma akiwa penye mtandao, anarudi nyumbani, anawasimulia watu kumi wasio na simu ya namna hiyo. Kesho yake yule aliyerusha akituma masahihisho, masahihisho yanabaki hewani. Wale kumi hawatayasikia. Uongo umefika kwa mdomo, na ukweli umekwama kwenye simu isiyo na bando.

Tuchukue mfano wa nyoka, maana kwa warina asali na wachungaji wa ng'ombe wa eneo hili si mfano wa vitabuni. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa ya nchi za joto. Mafundisho ya wataalamu ni mafupi: mtu atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, awahishwe mahali penye dawa ya kuzuia sumu. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukata damu. Sasa tazama kinachozunguka kwenye simu. Chanja hapa, funga pale, weka jiwe jeusi, kunywa hiki na kile. Kila agizo kati ya hayo linamweka mgonjwa nyumbani huku sumu ikiendelea na kazi yake. Kisha kwa kuwa nyoka wengi hawana sumu ya kuua, na wengine huuma bila kumwaga sumu, baadhi wanapona bila tiba yoyote. Hao ndio wanaogeuka kuwa ushuhuda. Aliyekufa hatumi ujumbe.

Neno hilo, ushuhuda, ndilo linalotupasa kulichunga sisi watu wa kanisa. Katika lugha yetu shahidi wa mahakamani na mshuhudiaji wa madhabahuni wanatumia neno moja, na si kwa bahati mbaya. Wote wawili wanasimama wakiwa na jina na uso, na wanaweza kuulizwa. Uliona wewe? Lini? Ulipimwa wapi kabla, na wapi baadaye? Ujumbe wa simu umelichukua neno letu na kuvua yote hayo. "Ushuhuda wa dada mmoja aliyepona figo." Dada yupi? Wa wapi? Mwishoni kuna namba ya simu, na maelezo ya kutuma fedha pamoja na ya kutolea. Yule dada hana jina, lakini mpokea fedha ana namba.

Bwana wetu alipowaponya wale kumi wenye ukoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa watu waliokuwa na mamlaka ya kukagua na kutamka kwamba huyu ni mzima. Uponyaji wa Kristo mwenyewe haukuogopa kukaguliwa. Iweje chupa ya mafuta inayouzwa kwenye kundi la kwaya iogope?

Wako wanaosema tumekosa imani. Hao tunawakumbusha walikotoka. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther alibaki na wagonjwa. Katika siku hizo aliandika waraka kwa Johann Hess, mchungaji wa Breslau, kujibu swali kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Waraka ule ulichapwa ukasomwa mbali. Ndani yake aliwakemea wanaodharau dawa na tahadhari kwa jina la imani, akasema wanamjaribu Mungu, na kwamba anayeweza kumkinga mwenzake asimkinge ana hatia ya damu yake. Kwa hiyo Mlutheri anayedai kwamba kuuliza chanzo cha dawa ni upungufu wa imani hajajifunza hilo kwa Luther.

Wala hatuwezi kuichukia njia yenyewe ya kusambaza habari. Matengenezo ya Kanisa yalitembea juu ya vijitabu vya bei ndogo vilivyopita mkono kwa mkono. Lakini waraka wa tauni ulikuwa na jina la aliyeuandika, jina la aliyeandikiwa na swali lililojibiwa. Aliyetaka kumpinga Luther alijua pa kumpata.

Kanisa letu hapa Tanzania lina sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Masapila, aliyefariki Julai 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Kilisemwa kuwa kinaponya UKIMWI, kisukari, saratani na pumu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wako waliokata roho wakiwa njiani au kwenye foleni ile. Wako walioacha dawa za kufubaza virusi kwa kuwa wamekwisha kunywa. Hatuandiki ili kumhukumu marehemu. Yeye alikaa mahali panapojulikana, kwa jina lake, na bei yake ilikuwa ndogo. Tunauliza juu ya maneno yaliyowafikisha watu kule. Maneno yalikuwa ya redio, magazeti na ujumbe mfupi wa simu: fulani amepima hana, fulani ametupa fimbo anatembea. Ni wangapi kati ya waliotuma maneno hayo walimfuata yule fulani baada ya mwezi mmoja kuona hali yake? Na aliyeacha dawa zake kwa sababu ya ujumbe ule, alimdai nani? Wakati huo simu za wengi zilituma maandishi mafupi tu. Leo zinatuma sauti, picha na video, kwa watu mia mbili kwa mguso mmoja.

Kampuni ya WhatsApp yenyewe iliona hatari hiyo. Mwaka 2019 ilizuia ujumbe usirushwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na mwaka 2020, wakati wa Korona, ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kurushwa mara nyingi mno. Ikiwa kampuni ya biashara imeona haja ya kuweka breki, usharika unangoja nini?

Hatusemi simu zifungwe. Simu inaokoa, na tunaweza kuonyesha inavyookoa. Kuanzia mwaka 2012 Wizara ya Afya na washirika wake waliendesha Wazazi Nipendeni: mama mjamzito alituma neno MTOTO kwenda 15001, akapokea bila malipo ujumbe uliolingana na umri wa mimba yake. Mwaka 2022 mfumo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa baada ya kuanzia mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mama mwenye dharura ya uzazi, au mwenye mtoto mchanga aliyezidiwa, anapigiwa simu namba 115 bila malipo. Anayepokea anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana anampata dereva wa jamii aliyeandikishwa, ambaye analipwa na mfumo, kisha anawajulisha wanaompokea mgonjwa. Katika mlolongo huo wote kila neno lina mwenyewe. Kuna aliyepokea, aliyeuliza, aliyeendesha na aliyefungua mlango wa wodi. Mambo yakiharibika, inajulikana wa kuulizwa.

Hapo ndipo tunapoweka mpaka. Ujumbe mwema wa afya unampeleka mgonjwa kwa mtu. Ujumbe mbaya unakaa mahali pa mtu. Yule binti mtumwa katika nyumba ya Naamani hakutoa dawa ya ukoma. Alisema yuko nabii Samaria. Alijulikana bibi yake, nyumba yake na nchi alikotoka, na neno lake lingeweza kuthibitishwa kwa safari. Tunataka kila mshirika mwenye simu awe kama binti yule.

Amri ya nane ina upande wa pili, nao unatuhusu zaidi sisi tunaopenda kuombeana. Mgonjwa analazwa. Kabla jua halijazama, picha yake iko kwenye kundi: amelala, bomba puani, shuka limeteremka. Chini yake ugonjwa umeandikwa kwa jina, na ombi la mchango. Nia ni njema, na michango imewalipia wengi matibabu. Lakini ni nani aliyemwuliza mgonjwa? Akipona atarudi kuishi Rungwa, mahali ambapo kila mtu anamjua, na kila mtu ameona. Msichana atachumbiwa na watu walioisoma ile picha. Mwenye virusi vya UKIMWI atajua kwamba siri yake imelindwa zahanati ikatolewa kanisani, na mwenzake mwenye hali kama hiyo ataamua asiende kupima. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya katika taarifa nyeti. Ni aibu sheria ya nchi imlinde mgonjwa kuliko umoja wa maombi. Bwana alimwonya yule mwenye ukoma asimwambie mtu. Alipoyatangaza, Yesu hakuweza tena kuingia mjini waziwazi. Hata habari njema ya kupona, ikitangazwa kinyume cha agizo, ilifunga njia.

Kwa hiyo tunadai mambo yafuatayo, na tunayadai kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa kwanza. Kundi la usharika lisipokee dawa yoyote ambayo aliyeituma hawezi kusema imetoka kwa mtaalamu gani na wa kituo gani. Msimamizi aifute na aseme kwa nini. Mganga mfawidhi wa kituo cha karibu, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aombwe kuwemo kundini, na swali la ugonjwa lielekezwe kwake. Namba 115, na 199 ya Wizara ya Afya, zibandikwe ukutani kanisani, maana wengi hawana simu za kusomea kundi. Habari ya mgonjwa itolewe kwa ruhusa yake mwenyewe, au ya walio karibu naye kama hawezi kusema. Mchango ukusanywe na mzee wa kanisa bila picha wala jina la ugonjwa, Mungu anaujua. Na uongo uliopita kundini usahihishwe katika matangazo ya Jumapili, kwa sauti, ili uwafikie wale kumi waliosimuliwa.

Watakaosema hizi ni sheria nyingi kwa jambo dogo, tunawaomba wafanye jambo moja. Siku watakapotaka kurusha dawa, waandike chini yake jina lao kamili, mtaa wao, na maneno haya: mtu akidhurika kwa kutumia hii, aje kwangu. Asiyeweza kuyaandika hayo asiitume. Aliye tayari kuyaandika atakwenda kwanza kumwuliza mganga, na hapo atakuwa ameanza kumpenda jirani yake.