Lugha Yetu: Vina Peke Yake Havifanyi Shairi

Watu wengi wanaoanza kutunga mashairi hutafuta vina tu. Mtu huona mistari yake yote imekwisha kwa -ni au kwa -ma, akafurahi, akapeleka kazi yake gazetini. Ikikataliwa, husema kwamba ushairi ni mali ya watu wa pwani, na mtu wa bara hana fungu ndani yake. Neno hilo si kweli. Mara nyingi kilichoharibika ni mizani, na mizani hufundishika kwa vidole vya mikono.

Shairi la Kiswahili tangu asili hutungwa ili liimbwe. Mwimbaji huhitaji mistari yenye urefu mmoja, apate mahali pa kupumua. Mstari mmoja ukizidi, sauti hukimbia. Ukipungua, sauti hungoja. Kina hupendeza sikio, lakini mizani ndiyo inayobeba wimbo.

Yafaa kwanza kuyajua majina. Mstari mmoja wa shairi huitwa mshororo. Mishororo ikikusanywa pamoja hufanya ubeti, na beti nyingi hufanya shairi. Katika shairi la kawaida ubeti una mishororo minne, na kila mshororo hugawanyika katika vipande viwili: cha kwanza ni ukwapi, cha pili ni utao. Kila kipande kina mizani 8, hivyo mshororo mzima una mizani 16. Kina cha kati humaliza ukwapi, na kina cha mwisho humaliza utao. Mshororo wa nne huitwa kituo, kwa kuwa hapo maneno hutua. Kituo kikirudiwa vilevile katika kila ubeti, huitwa kibwagizo.

Utazame ubeti huu:

Mkulima amelima, jembe lake mkononi,
Radi zikishanguruma, mbegu atia shimoni,
Kila gugu hulichoma, halibaki ukingoni,
Asiyelima mapema, atavuna kitu gani?

Kina cha kati ni -ma, cha mwisho ni -ni. Sasa ahesabu msomaji kwa vidole: m-ku-li-ma-a-me-li-ma, ni mizani 8, je-mbe-la-ke-m-ko-no-ni, ni 8 tena. Kama mtungaji angaliandika “jembe lake liko mkononi”, kina kingalibaki salama, wala maana isingalipotea, lakini mizani ingalikuwa 10, na mwimbaji angalijikwaa. Kama angaliandika “jembe mkononi” tu, ingalikuwa 6, na wimbo ungalikatika.

Penye kuwakosesha wengi ni herufi m na n. Kanuni ni kwamba kila vokali hufanya mizani moja. Kwa hiyo neno “kaa” lina mizani mbili. Lakini m ya “mkulima” na ya “mkono” husimama peke yake, nayo huhesabiwa, kwa maana ni mu iliyofupishwa. M ya “mbegu” haisimami. Imeshikamana na b, na neno lote lina mizani mbili: mbe-gu. Vivyo hivyo n ya “ndege” imeshikamana na d. Lakini katika maneno mafupi kama “nchi”, “mbwa” na “nta”, herufi ya kwanza husimama na kuhesabiwa, hivyo kila moja lina mizani mbili. Asiyejua jambo hili aweza kuhesabu kutwa nzima na bado akakosea.

Utenzi una sheria nyingine. Ubeti wake una vipande vinne vifupi, na desturi ni mizani 8 kwa kila kimoja. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, ambacho hubadilika katika kila ubeti. Kipande cha nne hushika kina chake kutoka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, hata kama beti ni mamia. Kwa sababu hiyo utenzi hufaa kwa hadithi ndefu na mawaidha. Mwana Kupona alitumia umbo hilo mwaka 1858 kumwusia binti yake. Shairi la mishororo minne lilipata sifa kubwa mikononi mwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Hao walikuwa watu wa pwani, ni kweli. Lakini Kaluta Amri Abedi, aliyeziandika sheria hizi katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mathias Mnyampala, mwenye kusifiwa kwa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Walijifunza, wakahesabu, wakaheshimiwa.

Wako pia walioziacha sheria kwa makusudi. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na ubishi mkubwa ukazuka. Lakini kuacha sheria uijuayo ni jambo moja, na kuivunja kwa kutojua ni jambo jingine. Msikiaji hutambua tofauti upesi.

Basi atakaye kutunga asianze na beti kumi. Aandike mshororo mmoja, auhesabu, kisha auimbe kwa sauti. Ulimi ukikwama, arudi kuhesabu. Na kwa kujipima wiki hii, ahesabu maneno haya: mlango, kunguru, saa, ndoo. Aliyepata 3, 3, 2 na 2 amekwisha kushika ufunguo. Iliyobaki ni kazi ya mkono wake mwenyewe.