Pwani Haiishi Bagamoyo

Imekuwa ada katika barza za wapenzi wa ushairi kwamba kila yatajwapo makao ya Kiswahili, ramani huchorwa kwa haraka: Lamu, Mombasa, Tanga, Pemba, Unguja, Kilwa, kisha kalamu ikawekwa chini. Akitokea mtu akataja Ujiji, hujibiwa kwa upole unaokera: “Ah, kule alikokutwa Livingstone.” Kana kwamba mji ule ulizaliwa siku moja ya mwaka 1871, ukawashuhudia Wazungu wawili wakipeana mikono, kisha ukafa.

Jibu hilo ni ujinga, na likitoka vinywani mwa watu wa visiwani ni ujinga usiosameheka. Misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Tabora ikakomea ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Na pamoja na bunduki, shanga na minyororo ya watumwa (aibu ambayo hapana haja ya kuifunika kwa kanzu) ilibeba lugha, Maulidi na miembe. Wajiji, Waha na Wamanyema waliipokea lugha ile wakaifanya yao. Mwaka 1858, Burton na Speke walipofika, Speke alivuka ziwa hadi Kasenge kutaka kukodi jahazi la mfanyabiashara wa Kiarabu. Jahazi, katika Ziwa Tanganyika! Hata hivyo, tamasha la filamu lililoasisiwa Unguja mwaka 1997 lilipojipa sifa ya kuwa la nchi za majahazi, fikra za wengi zilikwenda Maskati, Bombay na Ngazija. Nani aliukumbuka mwalo wa Katonga?

Katonga ni mwalo wa wavuvi katika manispaa ya Kigoma/Ujiji. Jioni mitumbwi hutoka, na giza likishaingia taa za wavuvi wa dagaa husimama juu ya maji kama mji wa pili. Alfajiri dagaa huanikwa, na bei hupigiwa kelele kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiha, Kirundi na Kibembe. Kazi ya namna hiyo haifanywi kimya popote duniani. Burton mwenyewe, alipopelekwa Uvira kwa mtumbwi mwaka ule wa 1858, aliwasikia wapiga kasia wakiimba na kuitikiana kutwa nzima. Akaandika kwamba ni mayowe. Mtu yule alijua lugha nyingi, lakini sikio lake lilikuwa na kiburi. Wapenzi wa ushairi wa pwani hawakuziita nyimbo hizo mayowe. Wao hawakuzisikiliza kabisa, na haijulikani lipi ni tusi kubwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha ziwani si safi, na kwamba watu wa bara hawana vina wala mizani. Hoja hiyo ni kuukuu, na imekwisha kushindwa mara nyingi. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, hakuzaliwa penye harufu ya bahari; lakini ndiye aliyeipa lugha hii ngonjera, na hadi alipofariki mwaka 1969 alikuwa mmoja wa nguzo za UKUTA. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 alikemewa kama mvunja sheria. Alikuwa mtoto wa kisiwa naye, Ukerewe, ila kosa lake ni kwamba maji yaliyokizunguka kisiwa chake hayakuwa na chumvi. Na wanaojivunia usafi wa Kiunguja wakumbuke kwamba lahaja yao ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Washairi wa Mvita na Amu wanajua uchungu wa kuambiwa kwamba lugha ya mama zao ni lahaja tu.

Kigoma nako hakuna budi kulaumiwa. Makumbusho ya Ujiji yamebeba jina la Livingstone, na sanamu zinazoonyeshwa mgeni ni za Wazungu walewale wawili. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huo walikusanyika kwa jina la Kigoma All Stars wakaimba “Leka Dutigite”, na fahari ile ilikuwa halali. Lakini wengi wao walijipatia jina Dar es Salaam, na wimbo ulipokwisha kuvuma, bibi wa Ujiji anayehifadhi kichwani nyimbo za harusi za mama yake alibaki pale pale alipokuwa. Msomaji na aingie duka lolote la vitabu, Darajani au Kariakoo, aulizie diwani ya mashairi ya Ujiji. Uso wa muuzaji utamjibu.

Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, husimuliwa kwamba katika ujana wake alitembea bara na kundi la taarabu hadi maziwa ya Victoria na Tanganyika, tena bila ya viatu. Leo wenye magari, vipaza sauti na barua za wafadhili huiona Morogoro kuwa ni mwisho wa dunia.

Wala udhuru wa wakati haupo. Serikali ilipofunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wavuvi walikaa nchi kavu miezi mitatu. Palihitajika mkeka, kinasa sauti, na mtu mmoja mwenye subira ya kuandika anachoambiwa pasipo kukisahihisha. Hata miezi mingine, mbalamwezi ikikomaa taa hupoteza nguvu juu ya maji, dagaa hawajikusanyi, na mitumbwi ya Katonga hulala mchangani. Usiku huo wazee hawana pa kwenda. Treni ya Kigoma imekuwako tangu 1914, na wanaoshika mifuko ya fedha za utamaduni, Unguja na Dar es Salaam, wanaijua nauli yake.