Tunauombea mji mtakatifu amani: ilani yetu ya Rusizi

Sisi wakazi wa Rusizi, Rwanda, Wakatoliki, Wapentekoste, Waadventista, Waanglikana na Waislamu, wachuuzi wa Kamembe, walimu, na wakulima wa mpunga wa Bugarama, tumeungana kuombea amani ya Yerusalemu. Wapo watakaotushangaa. Mji wenyewe uko mbali, shida zetu ziko mlangoni, na kila mwenye kipaza sauti duniani ana la kusema juu yake. Basi tueleze tunaomba nini, na nini hatutakiomba.

Zaburi ya 122 inawaagiza waumini wauombee Yerusalemu amani. Agizo hilo huhubiriwa sana, lakini zaburi yenyewe, ingawa ni fupi, husomwa nusunusu. Kabla ya kuagiza maombi, mhujaji anataja viti vya hukumu vilivyowekwa ndani ya mji. Akishaomba, anataja sababu: ndugu zake na rafiki zake. Hivyo anayeuombea mji amani ameomba haki itendeke humo, na ameomba kwa ajili ya watu wanaoishi humo, si kwa ajili ya kuta. Watu hao leo ni kama milioni moja, na karibu wanne katika kila kumi ni Waarabu, Waislamu na Wakristo. Dua inayowaruka hao ni dua ya ushindi, nao ushindi haujawahi kukosa waombaji.

Waislamu walio kati yetu wana haki yao katika jambo hili: kabla ya Makka, kibla kilikuwa huko Al-Quds, yaani Yerusalemu. Tumekubaliana nao kwamba hakuna atakayeinua mikono kumlaani Myahudi, na hakuna atakayepeperusha bendera ya taifa lolote kwenye maombi yetu. Tena wametukumbusha jambo ambalo sisi Wakristo hatulitaji sana. Ufunguo wa Kanisa la Kaburi Takatifu mjini humo hutunzwa na ukoo wa Joudeh, na mlango hufunguliwa na ukoo wa Nuseibeh. Wote ni Waislamu, na wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, huku madhehebu ya Kikristo ndani ya kanisa lile lile yakigombania hata nani afagie ngazi ipi.

Tunayasema haya tukiwa Cyangugu, kama eneo letu lilivyoitwa zamani, na mtu wa Cyangugu hadanganyiki kwamba mahali patakatifu panalinda watu. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia kanisa kuu, wakahamishiwa uwanja wa Kamarampaka, na humo wengine wakaitwa kwa orodha, wakatolewa, wakauawa. Mibirizi, parokia ya tangu 1903, watu waliuawa. Shangi, vivyo hivyo. Wengi wa walioua walikuwa wamebatizwa, na sala walizijua kwa moyo.

Kwa hiyo mwalimu wetu ni parokia ya Mushaka. Padri Ubald Rugirangoga, mzaliwa wa huku, aliyepoteza jamaa zake wengi mwaka ule, hakukubali wauaji waliotoka gerezani warudi moja kwa moja kwenye komunyo. Waliketi kwanza katika mafundisho kwa miezi, kisha wakaenda kwa walionusurika kuomba msamaha, uso kwa uso. Nao walionusurika waliandaliwa kwa upande wao, maana msamaha haulazimishwi. Padri alifariki Januari 2021 huko Marekani, lakini kituo chake cha Ibanga ry'Amahoro bado kipo ufukweni mwa Kivu. Mahakama za gacaca, za jamii yenyewe, zilizohukumu mauaji hayo, zilifungwa 2012. Zile hukumu na ile safari ya kwenda mlangoni kwa jirani, kwetu, vyote viwili vimo ndani ya zaburi.

Na hatutataja Yerusalemu bila kutaja Bukavu, mji jirani wa Kongo. Mji huo tunauona kila jioni taa zinapowaka ng'ambo. Alfajiri akina mama wetu wanapanga foleni kwenye daraja la Rusizi I na mabeseni ya nyanya na mboga, kitambulisho mkononi, na jioni wanarudi na vitenge. Huko ndiko Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Mji huo huo ulichukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025. Anayemlilia mtu wa Yerusalemu na kumsema vibaya mteja wake wa Bukavu akiisha kuvuka, huyo bado hajaanza kuomba.

Basi tutakutana kila Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja ya jamii, kazi ikiisha, mara kanisani mara msikitini. Tutaomba kwa kutaja watu: wagonjwa, wafungwa, waliofiwa, wa pande zote. Hatutamwita yeyote adui mbele ya Mungu. Maneno ya chuki yakisemwa sokoni au kwenye basi, juu ya Mkongo, Mrundi, Myahudi au Mwarabu, mwanachama wetu hatanyamaza; ukimya wa 1994 tunaujua ulikotufikisha. Sadaka itakayokusanywa itakwenda kwa mjane au mkimbizi aliye karibu, kwa kuwa Yerusalemu hatuna njia ya kuifikisha na hatutaki kujifanya tunayo.

Hatuna kadi, ada wala mwenyekiti wa maisha. Ukitaka kujiunga nasi, kwanza kapatane na jirani uliyegombana naye, halafu uje.