Uchambuzi: Mkimbizi anayetaka kusoma Zambia ahesabiwa mgeni mara mbili

Kijana wa Kikongo anayemaliza darasa la 12 katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, hukutana na swali ambalo mwenzake Mzambia haulizwi: yeye ni mkimbizi au ni mwanafunzi wa kigeni? Kwa mujibu wa sheria za nchi, ni yote mawili. Hali hiyo ndiyo inayomchelewesha kufika chuoni.

Wilaya hiyo imezoea watu wa ng'ambo. Wavuvi na wafanyabiashara huvuka Ziwa Mweru kati ya Kilwa, upande wa Congo, na Kashikishi, na sokoni Kiswahili cha Katanga husikika pamoja na Kibemba. Mwaka 2017 mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya watu kuingia Zambia. Walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa katika makazi mapya ya Mantapala.

Mwishoni mwa mwaka 2021, makazi hayo yalipokuwa na watu wapatao 18,000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, UNHCR, lilianza kuwasafirisha hadi Pweto wale waliotaka kurudi kwa hiari. Wengine walibaki. Mtoto aliyefika Mantapala mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 9 sasa anakaribia umri wa kuingia chuo.

Sheria mbili, mwanafunzi mmoja

Sheria ya Wakimbizi Na. 1 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1970, inamweka mkimbizi chini ya Kamishna wa Wakimbizi katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Kibali cha masomo, kwa upande wake, kinatolewa chini ya sheria ya uhamiaji, Na. 18 ya mwaka 2010, iliyotungwa kwa ajili ya wageni wote. Mkimbizi anayetaka kusoma nje ya makazi hujikuta chini ya sheria zote mbili kwa wakati mmoja.

Chanzo cha hali hiyo ni cha zamani. Zambia ilipojiunga mwaka 1969 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka masharti yake. Ilisema kwamba kifungu kinachowapa wakimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi itakichukulia kuwa pendekezo tu. Ilijiwekea pia haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi. Ndiyo maana hadi leo wengi wao wanatakiwa kukaa Mayukwayukwa, Meheba au Mantapala, na anayetaka kuishi kwingine kwa ajili ya masomo lazima aruhusiwe.

Mfano ulio karibu ni wa msichana wa Mantapala anayetamani kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni ya St Paul's, ambayo imo wilayani humo humo. Atahitaji barua ya kukubaliwa chuoni, ruhusa ya kuishi nje ya makazi na kibali cha masomo. Kama alisoma Congo, vyeti vyake vya Kifaransa vitahitaji kutathminiwa na Mamlaka ya Sifa za Kitaaluma ya Zambia, ikiwa havikupotea wakati wa kukimbia. Makao makuu ya Uhamiaji yako Lusaka, karibu kilomita 1,000 kutoka ziwani, na muhula wa masomo haumsubiri mtu anayefuatilia karatasi.

Anayefuatiliwa ni nani?

Serikali ina sababu zake. Zambia imepokea wakimbizi tangu miaka ya 1960, nafasi za vyuo haziwatoshi hata raia, na mpaka wa Katanga haujatulia. Kufuatilia wanafunzi wa kigeni si jambo la Zambia peke yake: Marekani ina mfumo wa kielektroniki wa kazi hiyo tangu mwaka 2003.

Lakini mifumo hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mtu anayekuja kwa hiari yake, akiwa na pasipoti na karo, ambaye huenda akaacha masomo na kutoweka mitaani. Kijana wa Mantapala si mtu huyo. Serikali ilimsajili alipoingia, inajua familia yake na mahali anapolala, na mara nyingi imemsomesha yenyewe kwa miaka kadhaa. Kumtaka athibitishe upya kuwa yeye ni nani hakuiongezei serikali taarifa, bali humpotezea yeye muda na fedha asizokuwa nazo.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mantapala jembe limetolewa kweli, kwani familia hupewa viwanja vya kujenga na kulima. Elimu ya juu ndiyo bado inatolewa kwa masharti ya mgeni wa siku ya kwanza.

Ahadi za kanda, milango ya mbali

Itifaki ya SADC ya mwaka 1997 kuhusu elimu na mafunzo inazitaka nchi zilizoiridhia zitenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo kwa wanafunzi wa nchi nyingine za kanda, zilegeze taratibu za uhamiaji, na hatimaye ziwatoze ada ile ile ya wenyeji. Hata hivyo, mkimbizi hawezi kwenda kwa serikali aliyoikimbia kuomba pasipoti ya kuthibitisha uraia wake.

Milango ya mbali nayo inazidi kufungwa. Tangu Januari 1, 2026, raia wa Zambia na Tanzania ni miongoni mwa waliowekewa vikwazo na Marekani, vikiwemo vya viza za masomo. Familia za Lusaka na Ndola sasa zinaonja hali ya kijana kushukiwa kabla hajafungua daftari.

UNHCR inataka asilimia 15 ya vijana wakimbizi duniani wawe katika elimu ya juu ifikapo mwaka 2030. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilitaja asilimia 7. Kwa Zambia, hatua ya kusogea mbele haihitaji kujenga chuo kipya. Ingetosha kitambulisho cha mkimbizi kikubaliwe kama kibali cha masomo, na ruhusa ya kuishi chuoni itolewe Nchelenge kwenyewe. Usajili ungebaki pale pale, na serikali ingeendelea kujua kila mwanafunzi yuko wapi. Tofauti ni kwamba angekuwa darasani.